Kakojolewa na Buibui

Nyumbani kwetu buibui hahitaji shahidi. Mtu akiamka na mchirizi mwekundu shingoni, hukumu hutoka kabla chai haijachemka: kakojolewa na buibui. Hakimu ni Shangazi, na kandambili yake ndiyo mnyongaji.

Juzi zamu ilikuwa ya binamu yangu. Kaamka na malengelenge toka sikioni hadi kidevuni, na kwa bahati mbaya alilala chini ya yule buibui bapa wa ukutani, anayekimbia upandeupande na kupotea nyuma ya fremu. Shangazi akapanda stuli. Pigo la kwanza likaangusha kalenda, la pili saa. La tatu lilimwangusha Shangazi mwenyewe, akakalia ndoo ya maji ya kudekia. Buibui alisogea kidogo, akatulia.

Nikajitia uwakili. Nikaeleza kwamba buibui hana mkojo wa kuunguza mtu. Choo chake ni vile vitone vyeupe vinavyokaukia ukutani. Sumu anayo, karibu buibui wote wanayo, ila huyu yake inamtosha mende, si binamu mwenye kilo 90.

Mhalifu tulimkuta mtoni, kwenye foronya: kidudu chembamba, hakifiki sentimita 2, chekundu kwa cheusi, vibawa vimeishia katikati ya mgongo. Kenya wamembandika jina la Nairobi na kumwita nzi, ilhali ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Mvua zikinyesha hufuata taa, anatua shingoni, nawe usingizini unamsaga kwa kiganja. Maji ya mwili wake, yenye kemikali ya pederini, ndiyo yanayokubabua. Mpulize tu aende zake, na ukishamsaga kimbilia sabuni. Tatizo ni kwamba malengelenge huchelewa kutoka, na yakitoka, anayeonekana ukutani ni buibui wa watu.

Nikaongeza ya Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ambako watafiti wamemchunguza buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, anayependelea mbu jike aliyeshiba damu. Tena huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Soksi za binamu zingeajiri kikosi kizima.

Shangazi alisikiliza yote, akijisugua kiuno.

"Haya mwanangu, hana mkojo. Sasa mbona alikuwa ananikodolea?"

"Shangazi, ana macho 8. Moja lazima likuangukie."

"Manane!" Akainama kutafuta kandambili.