Do ya Shosho

Nilinunua kinanda cha mdomo kwa sababu hakidai nafasi. Chumba changu cha Gitothua kina kitanda, meko na mtungi wa gesi; gitaa lingetaka kulala sebuleni, nami sebule sina. Muuzaji akaniuliza, "Unataka ufunguo gani?" Nikamwambia wa nyumba ninao.

Alicheka, akanipa C. Matundu 10, kila moja na sauti yake ukipuliza na nyingine ukivuta. Nilikuja kugundua peke yangu kwamba Do yake ni moja, haihami, na kwamba matundu ya chini hayana Fa wala La. Wimbo ukiuanzia huko, unapanda vizuri hadi pale ngazi ilipong'oka. Basi unaanzia tundu la nne.

Baada ya wiki mbili nikajiona nimeiva. Alhamisi nikakibeba kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba. Shosho anayetuanzishia nyimbo hajawahi kuomba Do kwa mtu. Hukohoa, hufumba macho, huanza. Siku hiyo alianzia katikati ya D na E, mahali pasipokaa mtu. Nikapuliza C yangu kwa imani. Mtoto aliyelala akaamka, kayamba likanyamaza. Shosho hata macho hakufumbua: "Kijana wangu, hicho kidude kinaumwa ama kina njaa?"

Mshahara ulipoingia nikanunua A. Shosho akaanza F. Nikanunua D. Akarudi kwake katikati ya D na E, nusu hatua tu juu yangu, na hakuna umbali unaoumiza sikio kuliko huo. Nikapiga hesabu: funguo ziko 12, na kodi ya nyumba inanisubiri. Wengine walibahatika: Desemba 1965, mwanaanga Walter Schirra wa Marekani alipiga kinanda cha matundu manne angani, ndani ya chombo cha Gemini 6, akasifiwa. Lakini huko juu hakukuwa na shosho.

Jirani yangu hupiga gitaa la mugithi wikendi. Nilimtandazia vinanda vyangu kitandani, akatikisa kichwa. "Mimi nabana kapo kwenye shingo ya gitaa, nahama ufunguo. Wewe huwezi, na koo la mwimbaji halina kapo. Mwimbaji ndiye landilodi, sisi ni wapangaji." Akachukua C, akavuta tundu la pili. "Hii ni G. Ukiifanya hii kuwa Do yako, kinanda kimoja kinakupa funguo mbili. Na kabla hujanunua kingine, msikilize shosho kwanza."

Mwezi mzima nikaenda mikono mitupu, na programu ya kupima sauti kwenye simu. Majibu yakatoka: kabla ya chai, shosho huanzia kulekule katikati ya D na E. Baada ya chai ni F, kila mara.

Nimenunua F. Siku hizi Alhamisi huwa wa kwanza kufika, na mimi ndiye ninayepika chai.