Mimi na Mlima wa Mungu

Mabibi na mabwana, kabla sijaifikia volkano, naomba muitazame kofia hii. Ndiyo iliyoutafiti Ol Doinyo Lengai kwa miaka 20 mfululizo, kutoka barazani mwa hoteli moja mjini Arusha. Nani ananong'ona kwamba kutoka pale mlima hauonekani? Mtaalamu haoni kwa macho.

Mlima huo ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1940. Yale yalikuwa mazoezi. Mwaka 1966 nikazaliwa mimi, nao ukalipuka kwelikweli. Wengine walipokewa kwa vigelegele. Mimi nilipokewa kwa mlima.

Julai 2007 ardhi ilitetemeka hadi watu wa Nairobi wakakimbia maghorofa. Nikawaeleza majirani: ni malori ya kokoto. Agosti nikatangaza kwamba Lengai umestaafu. Septemba ukalipuka, ukatapika majivu hadi mwaka uliofuata. Wivu huo! Haukupenda nizungumze kabla yake.

Sasa picha. Tazameni zaha hii nyekundu! Neno "Hawaii" hapo chini ni jina la kiwanda cha karatasi. Naam, mzee wa Engaresero? Unasema ya kwenu hutoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu? Shikamoo mzee, lakini cheti chako kiko wapi? Na wewe binti wa kidato cha tatu, eti joto lake halizidi nyuzi 600, karibu nusu ya zaha za kwingine, kwa sababu imejaa magadi? Mwanangu, magadi ni mambo ya jikoni. Hapa tunazungumza sayansi.

Tumalizie na ugunduzi wangu mkuu: ule weupe wa kileleni ni theluji. Nimeuandikia kurasa 48. Mzee, shusha mkono. Binti, nawe pia. Zaha nyeusi ikipata unyevu hugeuka nyeupe? Kwa siku chache tu? Nani kawafundisha ushirikina huo?

Ushahidi ninao. Dereva mmoja aliniletea mfuko mzima wa theluji ile. Ni theluji ya aina yake: ngumu, na haiyeyuki hata ikikaa jikoni mwezi mzima. Mke wangu alitia kipande kwenye chungu cha maharage, yakaiva kabla sijavua kofia.

Kwa nini yaliiva upesi vile, sayansi, yaani mimi, bado inachunguza.