Sevisi ya Kijapani

Kwetu Kiembeni, Pwani ya Kenya, gari halifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa sevisi. Mwenye Vitz au Probox anajua, na asiyejua atafunzwa na fundi wa kwanza atakayeinua boneti kisha akaguna. Huko kuguna ndiko kunakolipiwa. Sevisi ni oili ya injini, filta, plagi, kupuliza vumbi la ea klina, na ufundi, ambao bei yake hupanda kadiri uso wako unavyoonyesha kuwa huelewi.

Jirani yangu Mjapani alikuja kufanya kazi na shirika dogo la watoto, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kiasi cha kututia haya sisi tuliozaliwa nacho. Shirika lilimpa kigari kilichotoka huko huko kwao. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mengi hushuka bandarini Kilindini bado hayajasahau lugha: ukiwasha tu, sauti ya bibi mpole inasema jambo kwa Kijapani. Fundi wetu wa chini ya mwarobaini alikuwa na desturi ya kuiitikia, "Ahsante mama." Jirani akamweleza kwamba mama hamsalimii mtu, anasema kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa. Fundi alinyamaza kidogo.

"Kumbe naye anadai," akasema.

Siku kigari kilipoanza kukohoa, fundi alifungua mlango wa dereva akainama kukisoma kile kikaratasi cha oili wanachobandika mafundi wa kwao. Maandishi yote ya Kijapani, ila tarakimu ni zetu sote, na alizifuata kwa kidole chenye grisi kama mtu aliyesomea Osaka.

"Dada, halina ugonjwa hili. Lataka sevisi tu."

Uso wa jirani ukang'aa. Akainama kushukuru. Fundi naye, asije akaonekana hana adabu, akainama. Yeye akainama tena. Mimi niliwaacha hapo nikaenda zangu dukani.

Jioni hesabu ikaja: elfu saba na mia tano.

"Lakini fundi, ulisema ni sevisi."

"Ndiyo, sevisi."

"Sevisi, halafu pesa?"

"Sasa sevisi bila pesa ni sevisi gani, dada?"

Wote wawili walidhani wanazungumza Kiingereza. Neno hilo lilipofika Japani lilivutwa likawa saabisu, na pamoja na huduma likabeba maana nyingine: kitu unachopewa bure juu ya ulichonunua. Mwenye mkahawa akikuletea kisahani ambacho hukuagiza, husema ni saabisu, nawe unakula bila hofu. Pwani tunaita nyongeza. Baba akishinda Jumapili na wanawe, hiyo nayo ni saabisu kwa familia. Na ukibaki ofisini usiku kwa kazi ya ziada isiyolipwa, umefanya saabisu pia. Hapo anayeongezewa ni tajiri. Hili la mwisho lilimuudhi fundi kwa niaba ya Wajapani wote.

"Haya," akasema, "na ile gati ya makontena ya Kipevu, ilofunguliwa 2016 kwa pesa za kwenu, ilikuwa saabisu?"

"Hapana, fundi. Ule ulikuwa mkopo."

"Basi na mimi nimekukopesha oili."

Hoja hiyo haikuwa na jibu kwa lugha yoyote. Jirani akalipa, fundi akamwachia mia tano ya ufundi, akilitamka lile neno jipya kwa uchungu mkubwa.

Mimi nilidhani yameisha. Lakini ukitoka Mtambo kuingia Kiembeni mabango ya makanisa hayakosi, na moja liliandikwa "Morning Service". Jirani anatoka Nagoya, ambako mkahawa wenye Morning Service hukuuzia kahawa ya asubuhi ukakuongezea mkate wa kuchomwa na yai la kuchemsha, bure. Jumapili akadamka, hakunywa hata chai. Alikaribishwa kwa bashasha, akapewa kiti cha mbele, akasimamishwa ajitambulishe, akapigiwa makofi. Yote hayo aliyaona ni ukarimu wa kabla ya yai. Mahubiri yakaja, yakakaa. Mwishowe kikapu kikaanza kupita. Akakipokea kwa mikono miwili kama adabu ya kwao inavyotaka, akachungulia, akaona noti. Kwa maneno yake mwenyewe, alifikiri saabisu hii imezidi kipimo, kwa hiyo akatikisa kichwa kwa heshima na kumpitishia mwenzake bila kuchukua kitu.

Aliporudi na njaa, mama wa mahamri alimfungia yake, akatupia moja juu. "Nyongeza hiyo, mwanangu."

"Saabisu!" akapaza sauti, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokifuata tangu alfajiri.

Mama akashtuka. "Sevisi? Ah-ah, mwanangu, nenda kwa fundi. Mimi nauza mahamri."

Habari hukaa na nani Kiembeni? Wiki haikuisha vijana wa bodaboda wakaanza kusimama kwa fundi wakidai wabadilishiwe plagi kwa saabisu, na kuinama wanainama. Fundi akatafuta tairi kuukuu, akaliegemeza kwenye mwarobaini, akaliandika kwa rangi nyeupe: SEVISI HAPA. YA KIJAPANI HATUNA.