Herufi H Iliyotoweka Miburani

Boksi la Mjomba lilivuka bahari kwa awamu. Lilitoka Muscat hadi Dar es Salaam kwa meli ya mizigo, likaenda Nyamisati kwa gari, likavuka na boti mpaka Kilindoni, na mwisho likaletwa kijijini kwetu Miburani juu ya bodaboda, limezungushwa kamba za manila hata rangi yake haionekani. Mjomba wa mume wangu alikuwa amerudi moja kwa moja baada ya miaka mingi ya kuendesha gari la mizigo Oman. Ndani mlikuwa na ubani, halua, mablanketi, birika la kahawa, na chini kabisa, ndani ya kanzu kuukuu, simu moja kubwa na rauta nyeupe ya kubebeka, ile yenye betri yake.

Rauta ndiyo aliyoihofia njia nzima. Shemeji yangu, ambaye bado yuko Muscat, alikuwa amesisitiza kwamba kusikia sauti ya mama yake hakumtoshi tena, anataka wawe wanaonana.

"Dada," Mjomba akamwambia mama mkwe wangu, "hii kule Ruwi ilikuwa haina mfano. Ilianza kulegea mwaka 2024. Mwenye duka la simu akaniambia nisiitupe, nikirudi kwetu itafanya kazi."

Mwenye duka alijua anachosema. Mwaka huo Oman ilianza kuizima 3G hatua kwa hatua, na kwa kifaa kile 3G ndiyo iliyokuwa kasi ya mwisho. Hakikuwa kimevunjika wala kuungua. Kilikuwa kizima kabisa, ila mnara wa kusemezana nacho ulikuwa umeacha lugha yake. Mume wangu akaweka laini iliyosajiliwa kwa kidole chake, akabonyeza kitufe, na taa ikawaka bluu. Ijumaa baada ya sala Mama aliketi barazani na kishikwambi cha shule cha binti yetu mapajani, akamwona mwanawe akicheka na jino lililotoka. Akamuuliza kuhusu jino hilo kabla hata ya kuitikia shikamoo.

Tukaizoea. Binti akawa anapakua mitihani ya miaka iliyopita. Mimi nanunua pweza kwa akina mama wanaokwenda mwambani maji yakitoka, nawagandisha, nawauza Dar. Nikawa natuma picha za mzigo asubuhi na jibu linarudi kabla barafu haijatafutwa. Nyumba yenye mtandao unaokamata ina utulivu fulani ambao hatukuujua mpaka ulipoondoka.

Uliondoka Ijumaa, Mama akiwa ameshajifunga ushungi mpya. Uso wa shemeji ulitokea, ukasimama mdomo wazi, haukusogea tena. Ujumbe wa maandishi ulipita, kwa kuchelewa. Sauti ilikuja vipande. Taa ya rauta, iliyokuwa bluu siku zote, ilikuwa kijani.

Shutuma ya kwanza iliangukia bando. Mume wangu akanunua jingine kubwa zaidi, nalo likabaki pale pale bila kupungua, jambo ambalo lingetufumbua macho kama tungekuwa na subira. Ya pili ikawaangukia watoto wa jirani, wanaojulikana kuwa na nywila yetu. Mama yao akaja uani mikono kiunoni, maneno yakawa mengi, na ilibidi Mama mkwe atoke na kahawa ili watu wakae chini. Kisha ikawa panya. Kisha upepo wa kusi.

Mjomba hakukubali hata moja. Yeye alisema tatizo ni kimo: minazi imerefuka, inaukinga mnara. Akamwita mkwezi. Rauta ikatiwa kwenye kikapu cha ukindu pamoja na pawabenki, mkwezi akapanda nayo mnazi ulio nyuma ya jiko, na sisi tukabaki chini tukitazama kishikwambi kana kwamba kitatangaza mshindi wa uchaguzi. Mkwezi alipokuwa anafunga kikapu kwenye shina la kuti, nazi mbili zikang'oka. Moja ilizama mchangani. Ya pili ilitoboa bati la jiko na kutua katika sufuria ya mchuzi wa pweza niliyokuwa nimeiacha motoni, ikaimwaga yote juu ya mafiga. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa jikoni. Juu kule taa iliendelea kuwa kijani.

Aliyepata ufumbuzi ni binti yetu, na aliupata kwa kutazama tu. Jioni alikusanya simu zote za nyumbani akazipanga mkekani.

"Mama, angalia. Simu ya Baba inasoma 4G. Ya Babu Mjomba inasoma E. Zamani yake ilikuwa inasoma H. Simu yangu nayo, mwendo wake ulikuwa H, ikibahatika 4G. Sasa ni 4G au E. Katikati hakuna kitu. H imekwenda wapi?"

Tukakumbuka kwamba siku chache kabla ya Ijumaa ile mafundi wenye kofia ngumu walikuwa wamepanda mnara. Watoto waliwashangilia.

Fundi wa simu Kilindoni alitoa betri ya rauta, akaipangusa lebo iliyo chini yake, akatusomea. Iliandikwa GSM, na iliandikwa UMTS. Hakuna palipoandikwa LTE. GSM ndiyo 2G, ambayo intaneti yake ndiyo hiyo E; UMTS ndiyo 3G, ambayo simu huionyesha kwa herufi H; LTE ndiyo 4G. Mafundi wa mnarani walikuwa wameondoa cha katikati ili kukipa nafasi cha juu. Masafa ya redio, alisema, ni shamba lisiloongezeka, na anayetaka kupanda mche mpya hung'oa mnazi mkongwe. Kwa masafa yale yale 4G husafirisha data nyingi zaidi kuliko 3G, kwa hiyo hesabu ya mwenye mnara haina kasoro.

Nami siikatai hesabu hiyo. Kwa miaka tumekuwa tukiomba 4G. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara mipya 758 vijijini na kuipandisha minara 304 kutoka 2G, na kila anayeishi mbali na mjini anajua thamani ya kazi hiyo. Ninachokitaka ni taarifa. Tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, hapakuwa na mtu asiyejua; redio zilisema, magazeti yakasema, watu wakapanga foleni za ving'amuzi, wakalalamika, lakini walikuwa wamejiandaa. Kuondoka kwa 3G kwenye mnara mmoja wa kijiji hakutangazwi. Mwenye kifaa hugundua kwa kukosana na jirani.

Kwingine vilivyoguswa ni vifaa vizito kuliko rauta yetu. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 3G yake tarehe 22 Februari 2022, na waliokuwa na wasiwasi mkubwa ni wenye ving'ora vya moto na wizi, wenye magari yanayoita msaada yenyewe baada ya ajali, na wazee wanaovaa kidude shingoni cha kubonyeza wakianguka. Vyote hivyo vina laini ndani, na wengi walionavyo hawajui. Australia ilipomaliza 3G mwishoni mwa Oktoba 2024 likajitokeza jambo gumu zaidi: simu zinazoshika 4G vizuri, zinazofungua video bila shida, lakini zikipiga namba ya dharura hurudi kwenye 3G kupitisha sauti. Kampuni zikaamriwa kuzifungia kabisa, isije mtu akagundua kasoro hiyo nyumba ikiwa inaungua.

Hapo ndipo fundi alipoiomba ile simu kubwa iliyotoka kwenye boksi, ambayo Mama alikuwa amepewa na kuikalia kimya. Akapiga nayo huku akituonyesha pembe ya skrini. Kabla ya mlio wa kwanza, 4G ikapotea, ikaja E. Alipokata, 4G ikarudi. Simu ile, alieleza, haikuandaliwa kupitisha sauti ndani ya 4G kwa mtandao wa hapa. Data inakwenda juu, sauti inashuka kwenye 2G. Leo inafanya kazi kwa sababu 2G ipo. Siku 2G ikiondoka, Mama atakuwa na simu inayoonyesha picha na isiyoweza kumwita daktari.

"Na hii?" Mama akauliza, akakitoa kitochi chake kifuani.

Hicho ni 2G peke yake, na ndicho kilichobeba nyumba hii muda wote tuliokuwa tukitazama juu ya mnazi. Pesa za shemeji huingia humo kwa ujumbe mfupi, Mama hubonyeza nyota na namba zake, hutoa kwa wakala, hulipia dawa za presha. Ndiyo maana nchi nyingi zimeona afadhali 3G itangulie kufa na 2G ibaki: juu yake zimeegemea mita, mashine za kulipia, vifuatiliaji vya magari na vitochi vya watu wasiopanga kununua simu nyingine. Kwetu uzito huo ni mkubwa zaidi. Atakayeigusa 2G ya Tanzania bila kwanza kuhakikisha kwamba kila mwenye kitochi amepata cha kushika atakuwa amegusa akiba za watu na dawa zao.

Tuliporudi, binti alipita chumba hadi chumba akiuliza kila kifaa kina laini au hakina. King'amuzi hakina. Mita ya LUKU haina pia, nayo ilitupa faraja, maana inaishi kwa tarakimu 20 tunazobonyeza kwa mkono. Hata hivyo nayo ina saa yake: kila ununuzi ulikuwa ukitiwa alama ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia dakika hizo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Duniani kote mita za namna hiyo zilihitaji kuhuishwa. Hapa TANESCO walitangaza mapema. Wakati huo ulinunua umeme ukapata makundi matatu ya tarakimu badala ya moja, ukayabonyeza kwa mpangilio, basi. Mama aliyabonyeza mwenyewe akiwa amevaa miwani, na taa hazikuzimika hata usiku mmoja. Kwa hiyo inawezekana kabisa kubadilisha jambo kubwa kiasi hicho mpaka ndani ya nyumba ya Miburani bila kumwacha mtu gizani. Inatakiwa mtu akumbuke kusema.

Rauta mpya ya 4G tumeinunua kwa fedha ya pweza. Ya Muscat Mjomba amekataa itupwe. Anasema iko Afrika ambako bado ina kazi, na kijani ni rangi ya kheri. Ninachelea kwamba maboksi kama lake ni mengi, yanashuka katika bandari zetu yakiwa na vifaa vizima vilivyokimbia kuzimwa kwingine, na kila kimoja kina tarehe ambayo aliyekinunua hakuonyeshwa.

Kisha akaja wakala wa sola ya mkopo kumwandikisha Mama, kwa ajili ya nyumba yake ndogo ya uani ambayo haijavutiwa waya. Kijana mpole, fomu tayari, kidau cha wino tayari. Alieleza kwamba ukilipa kwa simu, kampuni hutuma amri na taa zinafunguka zenyewe; usipolipa, zinajifunga.

"Amri inapita wapi, mwanangu? Ndani mna laini?"

"Imo, Bi Mkubwa."

"Inasoma nini?"

Kijana hakujua. Alipiga ofisini, akasubiri, akarudi na jibu kwamba ni 2G.

"Na 2G ikizimwa, deni nalo litazimwa?"

Kimya kikawa kirefu. Kijana alipiga simu tena, safari hii akiwa amesimama mbali, chini ya mwembe. Aliporudi alisema lipo toleo jingine, lisilo na laini, ambalo mteja hupokea namba kwa ujumbe na kuzibonyeza kwenye kisanduku. Lakini lina taa pungufu na redio yake ni ndogo.

"Namba nazijua," Mama akasema, akanyoosha kidole kwenye wino. "Nazibonyeza za LUKU. Niandikie hilo, na uandike hapo chini kwamba halina laini."