Mjomba, Vielezi vya Huku Vina Mambo

Leeds, Uingereza

  

Mjomba, umeuliza kama Kiingereza ulichotufundisha kwa fimbo kinanifaa. Kinanifaa sana. Ile kanuni yako ya vielezi, namna kwanza, kisha mahali, mwisho wakati, siivunji hata usingizini. Nikisema "I worked quietly in the kitchen yesterday", hakuna wa kunisahihisha. Lakini Mjomba, ulitufundisha kielezi kinakaa wapi, hukutuambia kina tabia gani.

Tuanze na "quite". Siku ya Idi nilipika pilau, nikawaalika wapangaji wenzangu wawili, Mmarekani na Mwingereza. Wote wakatamka kwamba ni "quite good". Mmarekani alinisifu kweli; kwao maana yake ni tamu hasa. Mwingereza alisema si haba, inalika. Sahani ya Mmarekani ilirudi nyeupe pe. Ya mwenzake ilirudi na iliki zote pamoja na nusu ya wali. Sasa ajabu: neno hilohilo Mwingereza akiliweka mbele ya "impossible", hana tena "si haba". Haiwezekani kabisa, nenda zako.

Hata wao kwa wao hawaelewani. Mmarekani akiaga kwamba atarudi "momentarily", anakusudia sasa hivi. Mwingereza anaelewa kuwa atarudi kwa kitambo kidogo tu, kisha aondoke tena.

Kazini ndiko kwenye shule yenyewe. Mtu akianza na "with the greatest respect", jiandae, anakaribia kukwambia umesema upuuzi. Kadiri heshima inavyopandishwa cheo ndivyo tusi linavyosogea. Na "by the way" nayo? Juzi meneja alizungumza na mwenzetu habari za mvua, paka wake na mpira. Alipokwisha kushika kitasa cha mlango akageuka: "By the way", zamu yako ya Jumamosi nimempa mwingine. Kumbe hiyo ya kando ndiyo iliyomleta.

Bingwa wao wote ni "in due course". Hita ya chumbani imekufa, na mwenye nyumba kajibu kwa barua pepe kwamba itatengenezwa "in due course". Sarufi safi, heshima tele, tarehe hakuna. Ni kielezi cha wakati kisicho na wakati. Tunalala na makoti.

Nasikia binamu anajiandaa kuja. Mjomba, usimchoshe na "slowly" na "quickly", hivyo atavikuta. Mwambie kwamba "hardly" si ndugu wa "hard": akiandika kwenye maombi ya kazi "I work hardly", amejitangaza mvivu kwa mkono wake mwenyewe. Tafadhali mfundishe hilo kabla hajakata tiketi, na umnunulie soksi nzito.