Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Utalii wa Zell am See

Maskati, Oman

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Utalii,
Zell am See na Kaprun,
Jimbo la Salzburg, Austria.

Waheshimiwa,

Baada ya kukusalimuni kwa taadhima na kukuombeeni siha njema na mvua tele, kwani mvua ndiyo biashara yenu na ndiyo haja yetu, nakuarifuni kwamba mimi pamoja na ahali zangu tumeazimia, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai na nyinyi mkitujaalia viza, kuja kustarehe katika mji wenu msimu huu wa joto, kwa safari ya ndege ya takriban saa saba mpaka Munich, na kutoka hapo kwa garimoshi mpaka ukingoni mwa ziwa lenu. Hatuji kwa ubadhirifu wala kwa kujionesha. Aliyekuwapo Qurayyat, ambayo imo katika mkoa wetu huu huu wa Maskati, tarehe 26 Juni 2018, pale kipimo cha joto kilipokataa katakata kushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana kutwa na usiku kucha, hamwulizi jirani yake kwa nini anakwenda Ulaya kutazama mvua. Humwuliza tu kama nafasi ingaliko.

Katika matayarisho ya safari nimeyatimiza yote yaliyoamrishwa. Nimeweka tayari yuro 90 za ada ya viza kwa kila mtu mzima, na bima isiyopungua yuro 30,000, na taarifa za benki, na tikiti ya kurudia, ili ijulikane kwamba ninayeomba kuja naahidi pia kuondoka. Sikuyaona hayo kuwa mazito, kwani nyumba ni yenu na ufunguo ni wenu. Wala siyataji kwa ajili ya kulinganisha na raia wenu ambao, pamoja na wenziwao wa nchi zaidi ya mia moja, huingia Maskati bila ya viza kwa siku 14, na hapana karani anayewauliza wameacha kiasi gani benki.

Lakini mtu hasafiri kwa karatasi tupu, husafiri na adabu zake; na mintarafu ya adabu, majuto yangu ni kuwa nimechelewa. Nasikia kwamba mwaka 2014 mlitoa kijitabu cha kurasa nane, kwa Kiarabu na Kiingereza, cha kutufunza sisi watu wa Ghuba namna ya kukaa na watu, kisha mkakiondoa kwa kuwa kilipigiwa kelele. Hasara iliyoje! Imenibidi nikiokoteze kijitabu hicho vipande vipande katika habari za magazeti ya wakati ule, kama mwanafunzi aliyeukosa mwaka wa kwanza wa chuo, na natumai mtaniwia radhi nikikuoneshani daftari langu, ili mnisahihishe kabla sijapanda ndege.

Fundisho moja lilitukataza kula chini, sakafuni, katika vyumba vya hoteli. Nimelisoma mbele ya jamaa zangu wakati tumelizunguka sinia la wali juu ya mkeka, na mtu mzima wetu, bila ya kusema neno, alikuwa akiisukuma minofu kwa ncha za vidole mpaka upande wa mgeni aliyekaa mkabala wake, kama alivyofunzwa na baba yake. Tumekubaliana kwa kauli moja kwamba katika nchi yenu tutaketi vitini, kila mtu na sahani yake, kila mtu na nyama yake, na mgeni atajijua mwenyewe.

Fundisho jingine lilituonya kwamba bei ya dukani haina mapatano. Hili nimeliandika kwa wino mwekundu, maana linatofautiana sana na mafundisho wanayopewa watu wenu wanapokuja huku. Hao, vitabu vya safari vya lugha zao huwausia wasikubali bei ya kwanza katika soko la Matrah. Nao wakiusiwa husikia. Utamwona bwana mwenye kaptura amekamata kikopo cha ubani, anataka apewe kwa nusu ya bei, na mwenye duka anammiminia kahawa, kisha anammiminia tena, na wala hamkatizi maneno mpaka kikombe kitikiswe kwa ishara ya kutosheka. Sasa nimefahamu kwamba kupatana bei ni ustaarabu afanyapo Mzungu katika nchi ya Mwarabu, na ni ujinga afanyapo Mwarabu katika nchi ya Mzungu.

Fundisho la tatu ndilo lililonishughulisha zaidi, nalo ni lile la mavazi: kwamba kwenu rangi nyeusi ni ya msiba, na kwamba nyinyi mmezoea kuuona uso wa mwenzenu ukitabasamu, basi bora wanawake wetu wavuke mpaka huo kwa kupunguza kujitanda. Waheshimiwa, iko kadhia ambayo yapasa tuitengeneze kwanza baina yetu. Malkia wenu Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sura yake iliendelea kupigwa katika reale ya fedha yenye mwaka ule ule, reale ambayo ilivuka bahari ikafika Maskati, Unguja na Habasha, na huku kwetu ikapokewa sokoni mpaka miaka ya sitini ya karne iliyopita. Mtazameni kwa makini bibi huyo: kichwani amejitanda ushungi wa ujane, kwa kuwa tangu alipofiwa na mumewe mwaka 1765 alikaa katika mavazi ya msiba mpaka kufa kwake, eda ya miaka kumi na tano. Aliingia bandarini mwetu hali hiyo, mgeni, mjane, na mwenye kujifunika, wala hapana mtu aliyemwambia kwamba hapa rangi yake haipendezi. Wazee wetu walimpima kwa mizani, wakamwamini kuliko sarafu nyingi, na wake zao wakamfanya kidani. Hata hivi leo ukipita katika maduka ya fedha ya Matrah utamwona ananing'inia katika mkufu, na ushungi wake haujaguswa.

Baada ya kijitabu ikaja sheria. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 nchi yenu ilikataza kufunika uso hadharani, kwa faini ya mpaka yuro 150, ila ikawasamehe wenye michezo, na wenye sherehe za mila, na wenye sababu za siha. Mwezi wa Aprili 2020 ulipowadia, na korona imetamalaki, serikali ikaamrisha kila aingiaye sokoni azibe pua na mdomo. Na juu ya mlima wenu wa Kitzsteinhorn, kwenye mita 3,203, ambako barafu hubaki hata wakati wa joto, nimeona katika picha zenu watu wenye kofia ngumu, na miwani mipana kama vioo vya gari, na skafu zilizopanda mpaka puani, ambao hata mama zao wasingewatambua. Kwa hiyo naomba fatwa yenu: shangazi yangu, ambaye hafiki mlangoni bila ya barakoa, akikaa kando ya ziwa huku ameshika fimbo mbili za kutelezea juu ya theluji, je, atahesabiwa mkosa au mwanamichezo? Na kama ni mwanamichezo, fimbo hizo hukodishwa kwa siku au kwa juma?

Nisije nikadhaniwa kuwa navipinga vijitabu. Kinyume chake, naona vilichelewa kutungwa. Mwaka 1888 Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, luteni wa manowari wa Austria, ambao waliwakodi wapagazi wao Unguja, walifika penye ziwa ambalo Waturkana wakilivua samaki tangu zamani, wakaliita Rudolf kwa jina la mrithi wa ufalme wenu, na ziwa likakaa na jina la mgeni mpaka mwaka 1975. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba 1889, Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa hapo hapo Salzburg, alifika juu ya Kibo pamoja na Mjerumani Hans Meyer, na huyo mwenziwe akakitunukia kilele kile Kaizari wake, ambaye hakupata kukitia machoni. Ikabidi kingoje mpaka Tanganyika ijitawale mwaka 1961 ndipo kiitwe Uhuru. Lau bandarini Unguja angalikuwapo karani wa kuwagawia mabwana hawa kurasa nane, na katika ukurasa wa kwanza ikaandikwa kwamba katika nchi hizi milima na maziwa yana wenyewe, wino mwingi wa ramani ungaliokolewa.

Mtanijibu, na jawabu lenu litakuwa na haki, kwamba hata sisi tuna masharti yetu. Naam, tunayo. Anayezuru Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos huingia kwa saa maalumu za asubuhi, na mwanamke hujitanda kichwa, na asiye na vazi la kufaa hukodi pale pale. Lakini hayo ni masharti ya msikiti, na hukaa mlangoni mwa msikiti. Akishatoka, mgeni huenda pwani kama alivyokuja. Hatukuyapeleka uwanja wa ndege, wala hatukuyaandikia kabila moja tu la watu. Kila nyumba ina desturi, na muungwana huifuata aionapo. Ila kuna mwenye nyumba ambaye humtengea mgeni wake nafasi ya kuiona, na kuna ambaye humhesabia makosa kabla hajavua viatu. Wahenga wa pwani walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi jembe mmelitoa kabla ya siku ya kwanza, na juu yake mkaandika bei.

Basi ombi langu ni jepesi. Mkiazimia kukichapisha tena kijitabu chenu, zitoshe kurasa mbili: katika ya kwanza wekeni bei za vyumba, na za vigari vya kupandia mlimani, na kodi mnayomtoza mgeni kwa kila usiku anaolala, katika ya pili andikeni "karibuni", kwa lugha yoyote mpendayo. Ama mafunzo ya adabu, yabakisheni ofisini. Nikihitaji nitakuja kuyauliza mwenyewe, na kama yana ada, itieni katika ankara yangu, nami naahidi kuilipa bila ya kupatana bei.

Wenu katika utiifu,

Msafiri Mtarajiwa,
Maskati.