Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Daftari la Mahudhurio

Mheshimiwa Daftari,
Skuli zote za Unguja, mjini na shamba.

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA CHANGO SIKU YA JUMAMOSI

Kwa heshima zote za jalada lako gumu, nakuandikia kuhusu mwanangu wa Kidato cha Tatu, ambaye kila mwezi hukuvunjia adabu. Mwezi uliopita alilala nyumbani anatapika, ukampa sifuri. Mwezi huu kajikaza. Kajifunga kanga tumboni ndani ya sare, kapanda 502 ya Bububu, kasimama kapinda kama wanavyopinda abiria wote wa daladala zetu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mwenzao kapindishwa na chango la hedhi. Darasani kainamia dawati mpaka kengele ya mwisho. Ukampa vyema. Hongera, hesabu yako imetimia, ingawa katika Jiografia ya siku ile hakuambulia hata mto mmoja.

Madaktari wanasema kosa ni la prostaglandini, kemikali inayolifanya tumbo la uzazi lijibane ili litoe utando wake. Likijibana mno, damu hailifikii vizuri, na hapo ndipo maumivu yanapokuwa makali. Dawa za jamii ya ibuprofeni huipunguza kemikali hiyo, hasa zikinywewa mapema, mtu akiwa ameshakula. Skulini kwa mwanangu kidonge hutolewa baada ya mwalimu wa zamu kuridhika kwamba mtoto anaumwa kweli. Mwalimu wa zamu ni mwanamume mwenye haya nyingi. Wakishamaliza kutazama sakafu wote wawili, mapema imeshapita.

Kinachonitatiza, Mheshimiwa, ni cheo chako. Mwenyezi Mungu amemsamehe mwenye hedhi sala zake, wala hazilipi. Saumu atailipa baadaye, kwa wakati wake. Hakumtaka barua ya mzazi. Wewe unaitaka, tena na muhuri wa kituo cha afya. Sikujua kama kuna daraja juu ya ile.

Nimeshauriwa nisubiri: ataolewa, atazaa, litapoa. Naomba mwongozo, aolewe kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne au baada? Maana Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza hadharani akaieleza nchi maradhi ya endometriosisi, yanayoleta chango kali, ambayo humpata takriban mwanamke mmoja katika kumi walio katika umri wa kuzaa, na ambayo hayajui harusi. Na hao wanaoniambia nisubiri ndio waliowaacha makungwi wakazeeka bila warithi. Kungwi wetu Bi Kidude, Mungu amrehemu, alikuwa akiwacheza wari unyago na kuwaeleza mambo ya miili yao bila kutazama sakafu.

Wenzetu wa Zambia, ambao hata bahari hawana, wameandika katika sheria yao ya kazi ya 2019 kwamba mwanamke aliyeajiriwa ana siku moja ya mapumziko kila mwezi, bila cheti cha daktari. Huku kwetu Bara waliifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, wakairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Kodi nayo ina mzunguko wake, ila hiyo haiumwi.

Iwapo chango litakataa kuhamia Jumamosi, na nina wasiwasi kwamba waraka wako halitausoma, naomba nafasi ndogo katikati ya vyema na sifuri. Iwe alama yoyote, hata nukta, ya mtoto aliyekuwepo kwa mwili tu, au asiyekuwepo kwa sababu ya mwili huo huo. Na vidonge vikae kwa mwalimu wa kike, kabatini, karibu na biskuti.

Wako mtiifu,
Mama wa namba 27 katika orodha yako

Nakala: Mwalimu wa zamu. Tafadhali asiisome mstarini.